Siku Niliyozama kwenye Maji ya Kifuani

Kama umewahi kupita Boito ukasikia watoto wakimwita mzee fulani "Simama!" halafu wakatoroka kupitia majani chai, huyo mzee ni mimi, na hilo jina sikupewa na wazazi wangu. Nimelibeba tangu miaka ya tisini, limekuwa kubwa kuliko lile la ubatizo, na leo nitaeleza mwenyewe lilivyonipata, maana wengine wanaeleza wakitia chumvi (kuna anayesema suruali ilinitoka, suruali haikutoka), na kwa kweli chumvi haihitajiki, aibu ilikuwa ya kutosha.

Wakati huo nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai. Meneja wetu, Mzungu mrefu wa kucheka kwa sauti, alikuwa na mapenzi fulani ambayo sisi watu wa milimani hatukuyaelewa: kila likizo alienda kupiga mbizi baharini na mtungi wa hewa mgongoni, kutazama samaki bila kuwavua. (Mke wangu Rael aliniuliza mara nyingi, "Anawatazama tu? Halafu?") Mitungi yake ilikaa karakana kwetu, na mimi ndiye niliyeitunza pamoja na kompresa ya kuijaza hewa. Nilijua kila nati ya vile vitu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Mwaka huo akapanga safari ya mbali kuliko zote, visiwa vidogo huko mwisho wa Indonesia, ambako hakuna stima wala duka, kwa hivyo ilibidi yeye na marafiki zake wabebe kompresa yao na mtu wa kuiendesha. Asubuhi moja akaingia karakana na Kiswahili chake:

"Nataka mtu moja ya kompresa. Lakini yeye nakaa kwa boti siku yote. Nani hapa najua ogelea?"

Sasa, aliyejua kuogelea pale alikuwa mmoja tu, Otieno, fundi wetu wa stima, mtu wa ziwani aliyejua maji kabla ya kujua viatu, na kompresa pia aliijua (nilimfundisha mwenyewe). Lakini Otieno alikuwa juu ya ngazi akifunga taa, skrubu ziko mdomoni, na kabla hajazitema mimi nikasema, "Mimi, bwana."

Basi, ni hilo tu. Meneja akanipiga bega akatoka, na Otieno akashuka polepole.

"Arap Koech, wewe unaogelea wapi? Kwa karai?"

"Si kuna mto pale nyumbani."

"Huo mto naujua, omera, ndugu yangu. Kuku anavuka na vifaranga wake."

Alicheka, kisha akaitazama ile kompresa, na niliona, nikajifanya nakagua mkanda wa mashine.

Mipango ikaanza, na nikwambie, mtu akishaanza kupanga safari kama hiyo hata uongo wake mwenyewe anausahau. Nilienda Nairobi kutafuta pasipoti. Nikadungwa sindano ya homa ya manjano, mkono ukavimba, nikautembeza kijijini kama medali. Meneja alitandaza ramani juu ya meza ya ofisi akanionyesha tunakopita, ndege mpaka Bombay, nyingine mpaka Singapore, nyingine tena mpaka Jakarta, halafu kandege kadogo, halafu meli ya mizigo, na mwisho boti. Mitungi ilibidi isafiri mitupu kwa sababu ndege hazikubali iliyojaa, na kompresa nikaifungua vipande vipande nikavipanga kwenye masanduku ya mbao ya kusafirishia majani chai, nikavibana na magunia visigongane (kazi hiyo niliifanya vizuri, mnipe haki yangu). Jioni nilichora njia nzima uani kwa kijiti na majirani wakasimama kutazama.

"Na hapo katikati ya hizo ndege mnalala wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Hatulali," nikamjibu, kama mtu aliyeenda huko mpaka akachoka.

Kuogelea nilikuwa nimekusudia kujifunza. Kila wiki nilisema wiki ijayo, lakini maji ya kwetu asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa, na wiki ijayo haikuwa na mwisho.

Jumapili ya mwisho, baada ya ibada, watu wakakusanyika kuniaga kwenye uwanja kando ya bwawa la kiwanda. Meneja alialikwa, naye akaja na vifaa vyote ili watu waone kinachoendewa huko mbali. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi, anapewa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa makaa, na shangazi yangu Tapsubei alikuwa ametayarisha kibuyu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Nikanywa, nikafika nusu, nikakishusha.

"Maliza," akasema. "Unataka kumwachia nani baraka zangu?"

Nikamaliza. Tumbo likawa ngoma. Na hapo hapo sauti ikatoka katikati ya watu, "Atuonyeshe sasa!" na wengine wakaitikia, na Meneja akafurahi: "Ndiyo, Koech, onyesha wao kidogo!"

Ningeweza kusema tumbo limejaa. Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angenicheka. Lakini Otieno alikuwa amesimama mbele kabisa na suti yake ya Jumapili, mikono kifuani, ananitazama, na mimi nikaona heri maji kuliko yale macho. Nikavaa kaptura, nikavaa mtungi, miwani, vile viatu vya mpira kama miguu ya bata, na mkanda wa vipande vya madini ya risasi vya kumvuta mpiga mbizi chini, nikatia vipande vyote vilivyokuwepo, maana nilidhani uzito ni wa usalama. Meneja alikuwa amegeuka anaongea na pasta.

"Baba Chebet," Rael akaninong'oneza, "hii kitu unaijua kweli?"

"Mimi ndiye fundi wake."

Nikaingia bwawani huku kina mama wakiniimbia. Hatua chache tu, kiatu cha bata kikakwama kwenye tope, nikaanguka chali, mtungi ukanivuta nyuma, risasi ikanivuta chini, baridi ikanipiga kifuani, na mursik ya shangazi ikaamua kurudi. Ilirudi na ule mpira wa kuvutia hewa ungali mdomoni. Nikautema, nikanywa maji ya bwawa (maji ambayo ng'ombe wa kiwanda walikuwa wamesimama ndani yake asubuhi), nikapiga mikono na miguu, na juu yangu wingu jeupe likatanda pamoja na chembe za makaa, na nasikia mtoto anapiga kelele, "Anatoa maziwa!" Niliamini nakufa. Niliomba dua ya haraka ambayo haikuwa na adabu.

Kisha mkono ukanishika mkanda wa mtungi. Alikuwa Otieno, na suti yake na viatu vyake. Na hakuwa ameogelea. Alikuwa ametembea.

"Simama!" akasema. "Arap Koech, simama! Ni maji ya kifua!"

Na uwanja mzima ukaitikia, kina mama, wazee, watoto, "Simama! Simama!"

Nikasimama. Maji yalinifika hapa.

Kicheko cha siku hiyo sijakisikia tena maishani. Hata pasta alijificha nyuma ya Biblia, na Biblia ikawa inatikisika. Shangazi hakucheka. Alitazama lile wingu jeupe linavyoelea akasema, "Kibuyu kizima."

Meneja naye hakucheka. Alikuja mpaka ukingoni. "Koech. Wewe najua ogelea?"

"Hapana, bwana."

"Kule hakuna mahali ya kusimama," akasema taratibu, kisha akamgeukia Otieno aliyekuwa anachuruzika maji. "Na wewe?"

Otieno alinitazama mimi kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kicheko chote, kwamba alinitazama kwanza.

"Kidogo, bwana," akasema. Kidogo! Mtu aliyelelewa na ziwa!

Safari ikasogezwa mbele mpaka pasipoti yake ikatoka, na mimi nikafungua yale masanduku kumwonyesha kila kipande kilipo. Akaenda na kurudi salama. Siku aliporudi, kwa vile msafiri hupokewa kama anavyoagwa, shangazi akanikabidhi kibuyu mimi nikampe, na Otieno, ambaye mursik hakuipenda hata kidogo, akakishika akawaambia watu kwa sauti, "Hii mimi nakunywa nikiwa nimesimama!" Wakacheka mpaka wakalia. Halafu akaniinamia sikioni.

"Omera, ungeniambia tu. Ningekufundisha, twende wote."

Mpaka leo sijui kuogelea, na pasta akisema tusimame, mimi huinuka wa mwisho. Lakini swali likiulizwa mbele ya watu, sijibu tena mbio. Natazama kwanza kama kuna mtu juu ya ngazi, mwenye skrubu mdomoni.