Ng'ombe wa Zeli Ndani ya Picha

Tangu mumewe Anselme, mchungaji wa kijiji cha Barbizon, afariki mwaka juzi, Zeli Maugras ndiye anayepuliza baragumu. Alfajiri akipuliza, mazizi yanafunguliwa na ng'ombe wa kijiji kizima wanamfuata msituni. Jioni anawarudisha, na kila mmoja anaingia kwao bila kuelekezwa. Wako wanaume waliosema kazi ile si ya mwanamke. Zeli aliwaacha waseme. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Balaa alilileta Ferrand, mchoraji aliyepanga kwenye nyumba ya wageni. Mwaka huu alichora ng'ombe wa Zeli wakila majani katikati ya misonobari michanga, mahali palipopigwa marufuku ng'ombe kukanyaga, na picha ikatundikwa ukumbini, juu ya meza za mvinyo. Boulard, askari wa msitu, kuiona tu, akaagiza Zeli aitwe. Mchungaji akipatikana na kosa hilo hunyang'anywa baragumu.

Zeli akaingia na viatu vyake vya mti, tope hadi vifundoni, wala hakuharakisha.

"Haya, Mama Zeli, jitetee," alisema Boulard. "Ng'ombe hao, misonobari hiyo. Shahidi yuko ukutani."

"Lakini mimi niliwachora kwenye mialoni," Ferrand akaingilia. "Misonobari nimeiongeza mwenyewe, niliona inapendeza."

"Wewe nyamaza. Nani asiyejua kwamba wachoraji na wachungaji ni kitu kimoja?"

Zeli hakuwa ameiona picha ile. Akaisogelea. Kando ya ng'ombe alisimama mwanamume wa shati refu la buluu, amejikunja kidogo, baragumu mdomoni. Akamgeukia askari.

"Bwana Boulard, mchungaji huyo unamjua?"

Boulard akakodoa macho. "Huyo... si Anselme?"

"Basi mkosaji ndiye huyo. Yuko makaburini Chailly, kando ya ukuta. Nenda kamkamate, na ukimpata mpitishe kwangu kwanza, maana nina hamu naye."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Boulard naye masharubu yakamcheza. Akavua kofia, akaagiza mvinyo, na habari ya baragumu ikaishia hapo.

Watu walipotawanyika, Ferrand akamwendea Zeli. "Nisamehe, Mama. Nilimkumbuka nikiwa nachora, nikamweka. Ukitaka nitamfuta."

"Thubutu," alisema Zeli, machozi yakimlengalenga. "Mwache hapo hapo na ng'ombe wake. Misonobari ndiyo uifute, asije akanyang'anywa baragumu."