Siku Nilipokataa Kumshika Baba Mkono

Juzi nilipita Ikonge nikakuta uwanja wetu wa zamani wa shule umepandwa chai. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, maana ni hapo, miaka ya sabini, nilipokaribia kumponza mwalimu wangu wa biolojia.

Alikuwa kijana wa pwani, mpole, na sisi tulimpenda sana. Siku hiyo mkaguzi alikuja kuamua kama atathibitishwa kazini au atarudi kwao. Somo lilikuwa jinsi seli inavyonakili DNA yake kabla ya kugawanyika. Hatukuwa na picha wala hadubini, kwa hiyo alitutoa nje, nyasi bado zina umande, akatugawia vya kushika, mfano wa zile besi nne za DNA: jani la chai, jani la mgomba, suke la wimbi, hindi bichi. Chai hushikana na mgomba, wimbi na hindi, basi. Tukasimama safu mbili, tumeshikana mikono wawili wawili. Akipiga makofi, safu zinaachana, na kila mtu anapata mwenzake mpya kutoka kwa waliosimama kando. Mwisho zinakuwa nakala mbili, kila moja ina safu ya zamani na safu mpya.

Mimi nilikuwa chai. Mgomba aliyenijia alikuwa kijana wa ukoo wetu, mdogo kwangu kwa mwaka mzima, lakini kiukoo ni baba yangu. Na sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya mtoto kwa mzazi. Nyanya alikuwa akisema, baba hachezewi hata kama bado ananyonya. Nikamruka, nikamshika msichana mwenye wimbi.

"Wewe chai, mbona umekosea?" mwalimu akauliza, jasho likimtoka.

"Siwezi kumshika, mwalimu. Huyu ni baba."

Maskini, hakuelewa. Mkaguzi, Mgusii mwenzetu, alielewa. Akafunga daftari lake. "Binti yuko sawa. Sasa mwalimu, kosa kama hili likitokea ndani ya seli?"

"Hata huko kuna mkaguzi, mzee. Hupita nyuma, huliondoa kosa na kuweka kinachofaa. Asipoliona, hunakiliwa hivyo hivyo, vizazi na vizazi."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu alibaki nasi miaka mingi, nami biolojia nikaifaulu.

Nimeishi vizuri, sina malalamiko. Ila siku hizi vijana wa ukoo mmoja wanataniana tu, hawajui nani ni baba wa nani. Nimlaumu nani? Nina watoto watano, na sikumwambia hata mmoja.