Jumapili Niliyokuwa Mota

Nianze na ujinga wenyewe kabla sijaanza kuupamba: nilichomoa mkanda wa mpira kwenye stereo ya baba nikautengenezea manati. Mkanda huo mweusi, mwembamba, ndio uliotoka kwenye mota kwenda kuzungusha sahani ya diski. Mimi niliona mpira tu, tena mpira mzuri kuliko wa tairi la baiskeli, unaovutika bila kulalamika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakukuwa na ndege mjini aliyewahi kuniogopa.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya umma. Shule nzima ilikuwa inafagia mitaro kwa ajili ya taifa; mimi nilikuwa kwenye vichaka vya njia ya Kasapa, nikitumikia tumbo langu. Nilivuta mara tatu. Mara ya nne mkanda ulikatika ukanichapa sikio. Ndege niliyemlenga hakuruka hata. Nadhani alibaki aone mwisho wake.

Leo nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, na ninajua kwamba mtu wa umri wangu akisema "zamani" wakubwa wanacheka. Wacheke. Zamani yangu ni salon yetu ile ya kupokelea wageni. Sasa tuna viti vya mahameli ambavyo mama amekataa kuvivua nailoni ya dukani; ukikaa na kaptula, mapaja yanaganda, na ukiinuka jirani anasikia. Salon ya zamani haikumkamata mtu.

Baba ni wa mgodini, na miaka hiyo wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua makasha matupu yaliyoleta baruti. Kampi nzima ilikalia makasha hayo. Kwetu yalikuwa manne, ndiyo viti. Mama aliyavika vitambaa alivyofuma mwenyewe, maua ya njano na majani ya kijani, lakini kitambaa kikiteleza kidogo yalichungulia maandishi mekundu ya Kifaransa kwamba kitu hiki kinalipuka. Meza ilikuwa roda kubwa ya mbao iliyokuja na nyaya za umeme. Kochi lilikuwa kiti cha nyuma cha teksi iliyokufa, na kisahani chake cha majivu bado kilifunguka na kufunga. Sijaona mgeni aliyeweza kukaa hapo bila kukichezea. Ukutani kulikuwa na mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, kazi ya kijana mmoja mchoraji wa sokoni. Jicho lake moja lilikuwa kubwa kuliko lingine. Kwa miaka mingi niliamini anamkonyeza baba.

Na stereo. Baba aliinunua kwa mwalimu mmoja mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Kasha lake lilikuwa limepasuka, kwa hiyo baba alitengeneza kabati kwa mbao zilezile za baruti, akakata tundu juu, akaitumbukiza mashine humo. Chini alitundika pazia, na humo ndimo mama alimoweka sahani za kulia. Ukiingiza kichwa nyuma ya pazia uliona tumbo lote la mashine likining'inia: mota, nyaya, na gurudumu la kuzungusha diski. Spika mbili alizitia kwenye mitungi ya udongo ambayo bibi alikuwa anatengenezea pombe. Besi ilitoka humo nzito mpaka vikombe vya jirani vikawa vinaitikia.

Sasa, kesho yake ile Jumapili, wakwe walikuwa wanakuja. Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa amependana na fundi umeme wa Ruashi, na ndugu za kijana walikuja kutuangalia sisi ni watu wa namna gani. Wote walikuwa wanamsikiliza mtu mmoja, shangazi yake. Mama alikuwa amefanya upelelezi. Huyo mama alikwisha kwenda nyumba mbili kwa ajili ya kijana huyohuyo. Kote alikula, akashukuru, akakataa kuinuka kucheza, na kote mambo yaliishia hapo. Akicheza, mama alituambia, tumeozesha. Asipocheza, tutakula mabaki ya sombe wiki nzima na yaya atalia ndani ya kila sahani. Yaya mwenyewe alikuwa anapiga pasi gauni lilelile kwa mara ya tatu.

Tulipotoka misa nilijaribu kufunga lastiki ya soksi mahali pa mkanda. Mota ilinguruma, sahani haikutikisika. Kumwambia baba, akiwa tayari ndani ya suti yake ya abakosti na viatu vinang'aa, sikuweza. Sahani za kulia zilikuwa zimeshapangwa mezani na kabati lilikuwa tupu. Nikamwambia mama tumbo linaniuma. Akasema vizuri, basi nisionekane salon. Sikuonekana. Niliingia kabatini, magoti masikioni, nikavuta pazia.

Wageni walifika. Nilijua shangazi amekaa kwenye teksi kwa sababu nilisikia springi zikiomba msamaha. Kisahani cha majivu kikaanza: ka, ka, ka. Baba akaweka diski, akashusha sindano, na mimi nikatia kidole kwenye gurudumu nikazungusha.

Wimbo niliujua wote, kwa hiyo niliufuata kichwani, na mwanzoni nilikwenda vizuri kuliko mota. Kisha vumbi likaniingia puani. Nilipopunguza ili nisipige chafya, mwimbaji akawa mzee wa miaka mia. Nilipoharakisha kufidia, akawa kuku.

Mjomba wa kijana akauliza kwa upole kama huyu mwimbaji iko mgonjwa.

"Ni courant, citoyen," baba akamjibu, akiulaumu umeme. "Siku ya Jumapili inashukaka."

"Lakini ampoule iko inawaka muzuri."

Ni kweli, mama alikuwa amewasha taa saa tisa alasiri ili wageni wajue tuna umeme. Baba akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba taa haichoki, muziki ndiyo inachokaka. Nikauma shati nisicheke.

Upande wa kwanza ukaisha. Baba akageuza diski. Kidole changu kilikuwa kimeshakufa, nikahamia kingine. Nje ya pazia watu walikula, walisifu sombe, walisifu bukari, lakini springi za teksi zilikuwa kimya. Nilipitisha jicho pembeni ya pazia nikaona miguu ya yaya mlangoni, kidole kikubwa kimekanyaga kingine kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoacha kuona kichekesho. Nikazungusha kama mtu anayeteka maji ya kuzimia moto.

Na springi zikalia. Shangazi aliinuka. Niliona viatu vyake vikifika katikati ya salon, vikatulia, kisha vikaanza, polepole, kisigino hiki, kisigino kile. Mama akapiga kigelegele. Mkono wangu, mjinga kama mwenyewe, ukachagua saa hiyo kukamatwa na mkakamao.

Wimbo ukashuka, ukashuka, ukafa. Viatu vikasimama. Vikageuka. Vikaja. Pazia likafunguka na uso mpana ukainama kuniangalia. Nikacheka kwa meno yote.

Shangazi alisimama wima akamwambia mama, bila haraka:

"Mama, mashine yenu iko na meno."

Baba aliniangalia mimi, akaangalia gurudumu lisilo na mkanda, akaangalia sikio langu lililovimba, na nikamwona anavyojumlisha. Yaya alikuwa amefunika macho. Shangazi akainama tena.

"Zungusha, mutoto wangu," akasema. "Sijamaliza."

Nikazungusha kwa mkono wa kushoto. Alicheza mpaka mwisho wa upande, mjomba akaingia, baba akaingia na viatu vyake vinavyong'aa, na kila mwimbaji alipougua walipunguza hatua wakamngoja apone. Kisha wakubwa walifunga mlango wakaongea mambo yao, na sisi wengine tukatolewa nje.

Walipoondoka jua lilikuwa linazama nyuma ya rundo la mabaki ya shaba. Baba aliniita salon. Nilifika ninachechemea, kwa sababu miguu ilikuwa bado imelala kabatini. Alikuwa amefungua kinywa tayari, lakini mama alipita kati yetu, akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku kama anayechagua muhogo sokoni, akasema:

"Ndoa iko mwezi wa munane. Huu mukono, uuchunge."