Koti la Kafa Ulaya

Juzi nilimwona muuza mitumba wa Miembeni akifungua robota jipya. Harufu ya dawa ya nondo ikanirudisha Kagoma, siku mama aliponivika koti jekundu la kafa ulaya, pana kiasi cha kumfunika ng'ombe na ndama wake. Leo najua jina hilo lilimaanisha nguo kuukuu za ng'ambo tu. Wakati ule nilijua kuna mtu kafa.

Mama alikuwa amewatangazia wanakwaya wenzake kwamba koti ni jipya, la dukani Bukoba mjini. Baada ya ibada, mgeni Mzungu akaja kutusalimu. Nikapiga magoti kama binti wa Kihaya aliyelelewa vizuri, nikasema kwa sauti iliyosikika wilaya nzima ya Muleba, pamoja na neno letu la heshima, "Poleni na msiba, waitu. Koti la marehemu tunalitunza."

Wanakwaya wakacheka mpaka wakaegemeana.

"Mama Koku, kumbe duka lako lina marehemu?"

Mama akanishika mkono, tukakatiza migombani bila kuaga. Hakunigombeza. Machozi yalikuwa yakimtoka tu, nami nikamhurumia.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Labda alikuwa mzee."