Kilo Tatu za Ijumaa

Katika miaka ishirini na miwili aliyopima magunia kwenye ghala la nafaka, Bwana Kilo aliwagawa wanadamu mafungu mawili: wanaojua uzito wao na wanaoukisia. Fungu la pili lilikuwa kubwa, na humo alimtia karibu kila mtu aliyemfahamu, kuanzia msimamizi wake wa kazi hadi dada yake wa tumbo moja.

Yeye mwenyewe alikuwa kilo sabini na mbili. Si sabini na moja na nusu, wala si karibu sabini na mbili. Kila asubuhi alifungua mlango mkubwa wa ghala, akasali kwa ufupi akiwa amesimama, akavua koti, akapanda kwenye mizani na viatu vyake vya kazi. Mshale ulikwenda mpaka sabini na mbili ukatulia. Ndipo aliposhuka na kuwaambia wapagazi, "Leteni."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuhakikisha mizani iko sawa. Lilikuwepo jiwe halisi la kupimia, la chuma, la kilo ishirini, lenye muhuri wa serikali. Lakini tangu aje msimamizi mpya, kijana mwenye mashati ya kubana na maneno mengi, jiwe hilo lilikuwa kazini kwingine: lilizuia mlango wa ofisi yake usijibamize kwa upepo. Bwana Kilo hakulidai.

"Jiwe la nini," alisema, "na mimi nipo?"

Mizani ilikuwa ya zamani, sahani pana ya chuma sakafuni na saa ya mviringo ya namba na mshale juu ya nguzo. Nyuma ya saa palikuwa na kifuniko, na ndani ya kifuniko parafujo ya kukaza na kulegeza springi. Ufunguo wa kifuniko aliuvaa shingoni. Hata alipokwenda kusali alikwenda nao.

Mkewe alipoondoka kwenda mji mwingine kumlelea binti yao aliyejifungua mapacha, Bwana Kilo alibaki peke yake na jiko ambalo hakulijua. Akahamia kwenye mkate. Asubuhi mkate, mchana nusu mkate akiwa amesimama, jioni tambi za pakiti, na biskuti za kusukumia siku. Siku za kazi zote alikula hivyo. Jumamosi na Jumapili alikula kwa dada yake, mshona nguo, mwanamke mpana aliyefanyia kazi sebuleni kwake katikati ya vitambaa vya watu.

Kwa dada hapakuwa na mkate. Alikuwa ameacha ngano miaka miwili iliyopita, akasema inamvimbisha, na mdogo wake hakuchoka kumkejeli kwenye meza yake mwenyewe.

"Haya siyo mafuta," dada alisema. "Nikila ngano mwili unashika maji. Leo gauni linaingia, kesho halipiti kiunoni. Mafuta hayaji kwa siku moja."

"Dada, wewe si tenki."

"Ngoja yakukute."

"Maji yana njia yake ya kutokea na wewe unaijua. Unene una jina lake. Tuliseme tu."

"Omba tule," dada alisema, "kabla sijakutoa nje na hiyo sahani."

Akaomba, wakala. Wali, maharage, mboga, viazi, kwa siku mbili mfululizo, na hakujiuliza kwa nini Jumapili nzima njia ya chooni haikumkauka.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, alipanda kwenye mizani na mshale ukapita sabini na mbili. Ukasimama sabini na tano. Akashuka. Ikiwa tupu, mizani ilisoma sifuri, kama kawaida. Akapanda tena. Sabini na tano.

Mtu mwingine angejitilia shaka. Bwana Kilo aliitilia shaka mizani. Akatoa ufunguo shingoni, akaikaza springi kidogo kidogo, akipanda na kushuka, mpaka mshale ukarudi mahali pake. "Leteni," akasema. Jumatatu, akitoka kwa dada yake, akapanda tena na mshale ukaishia sitini na tisa. Akatikisa kichwa. Chuma nacho kilikuwa kimezeeka. Akailegeza springi. Alhamisi akaikaza. Ikawa ndiyo desturi, na hakumwambia mtu, maana wa kuambiwa alikuwa nani? Msimamizi asiyejua hata jiwe lake la mlangoni ni kitu gani?

Kwa hiyo gunia la hamsini likipimwa Jumatatu lilikuwa hamsini kweli. Likipimwa Alhamisi au Ijumaa, mshale ulisema hamsini lakini ndani mlikuwa na hamsini na mbili.

Na waliolichukua walijua. Hilo lisemwe wazi. Wateja wa ghala hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye maduka, wenye familia, wenye viti vya mbele kwenye nyumba za ibada, na kila mmoja alikuwa na mizani dukani. Ndani ya mwezi mmoja Jumatatu pakawa peupe, na Ijumaa foleni ikafika barabarani. Hakuna hata mmoja aliyesema, ndugu yetu, angalia mizani yako. Mwenye duka la kona, mtu wa kufunga na kusali, ndiye aliyethubutu zaidi.

"Bwana Kilo," alisema, akifunga kamba juu ya mkokoteni wake, "mkono wako wa Ijumaa una baraka."

"Mkono ni ule ule," alijibu Bwana Kilo, na kwa kweli alidhani amesifiwa.

Huku nyuma mwili wake ulikuwa ukisema kila unachoweza. Ijumaa kamba za viatu hazikukutana. Soksi ziliacha mfereji kwenye miguu. Pete ya ndoa ilitoka kwa sabuni. Akalaumu viatu, akasema viatu vya siku hizi ni takataka. Akalaumu soksi. Wapagazi walimtazama mkanda ukihama matundu.

"Mzee, mama amekwenda kulea," mmoja alisema, "na wewe ndiye mwenye mimba?"

"Hii ni gesi."

"Basi tujulishe tarehe."

Mwezi wa tano ghala lilihesabiwa. Palipungua magunia zaidi ya mia. Milango ilikuwa na kufuli, paa lilikuwa zima, na kila gunia lililotoka lilipita chini ya macho ya mtu mmoja. Msimamizi alimwita siku ya Ijumaa, akaacha mlango wa ofisi wazi ili wapagazi wasikie.

"Mzee wangu, umelila ghala," alisema. "Hata tumbo linashuhudia."

Bwana Kilo aliificha mgongoni mikono yake iliyovimba.

"Nakupa wiki moja. Ijumaa ijayo ueleze mbele ya wote mali imekwenda wapi. La sivyo utaeleza polisi. Mpaka hapo mizani isiguswe, hatupimi kitu."

Bwana Kilo hakuwa na shamba wala akiba ya kujivunia. Alichokuwa nacho ni kwamba katika mji mzima, mtu akitaka kusema jambo ni la kweli, alisema limepimwa na Bwana Kilo. Sasa jina hilo lilikuwa limebakiza siku saba.

Jumamosi asubuhi dada alimfungulia mlango, akatazama viatu vilivyofunguliwa kamba, akazima cherehani.

"Nimeitwa mwizi," alisema mdogo wake.

"Nimesikia. Twende zahanati."

"Zahanati inahusu nini na wizi?"

"Miguu yako inahusu nini na wewe? Twende."

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima asiyependa mazungumzo. Alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Akampandisha kwenye mizani: sabini na tano.

"Mizani yenu mbovu," alisema Bwana Kilo.

"Sawa, baba. Rudi Jumatatu tuone kama itapona."

Alipima mkojo, akapima presha, akasikiliza moyo, akasema hivyo vyote viko salama. Kisha akauliza anakula nini, na Bwana Kilo akataja. Mkate, mkate, tambi, biskuti.

"Wapo watu ambao mwili wao hauelewani na ngano," alisema muuguzi. "Si wengi kama wanavyovumisha mitaani, na chumvi ya mkate nayo ina lawama zake. Kwa hiyo hatukisii. Nachukua damu leo, kabla hujaacha. Ukitoka hapa, ngano basi, mpaka majibu yarudi."

Jumatatu asubuhi alipanda tena mizani ile ile, na viatu vile vile. Mshale ulisimama sabini na mbili.

Bwana Kilo hakushuka. Alisimama akiiangalia ile namba aliyoipenda maisha yake yote. Mizani ya zahanati haikuwa imeguswa na mtu. Hapakuwa na ufunguo, hapakuwa na parafujo. Ilikuwa imesema sabini na tano Jumamosi na sabini na mbili Jumatatu, na mara zote mbili ilikuwa imesema kweli.

"Baba, shuka, kuna wengine," alisema muuguzi.

Wiki ile alikula kwa dada yake, hakugusa mkate, na Alhamisi ikapita viatu vikiwa vimefungwa vizuri. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lawama ya mizani mbovu ingeweza kuwa ya kila mtu na isiwe ya mtu. Angesema springi imechoka, na wote wangeitikia. Dada yake alimwona akipiga magoti siku ya Alhamisi, muda mrefu kuliko kawaida, na hakumuuliza aliomba nini.

Ijumaa ghala lilijaa. Wapagazi walikuwepo, na wateja wa foleni pia, wamekuja kutazama. Msimamizi alisimama mbele na karatasi mkononi. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Kilo alimpita, akaenda ofisini, akainama, akaliinua jiwe la chuma kutoka sakafuni. Mlango ukajibamiza nyuma yake. Akalibeba kifuani mpaka kwenye mizani, akalitua juu ya sahani.

Jiwe la ishirini lilisoma kumi na tisa na kidogo.

"Ni mimi niliyeikaza," alisema. "Kwa mkono wangu na ufunguo huu. Nilikuwa nikiipima mizani kwa mwili wangu, na mwili wangu ulikuwa unavimba maji kila wiki. Nilidhani chuma kinadanganya na mimi sidanganyi. Nafaka haikuibwa. Ilitoka kwa mlango, Alhamisi na Ijumaa, kilo mbili juu ya kila gunia."

"Ikaenda kwa nani?" aliuliza msimamizi.

Bwana Kilo hakuonyesha kidole. Aliwatazama tu, mmoja baada ya mwingine, wale watu wa viti vya mbele. Wengine waligundua kwamba paa la ghala lina kitu cha kutazamwa.

"Mimi dukani huwa sipimi gunia likiingia," alisema mwenye duka la kona. "Namwamini mtu."

Hakuna kilo hata moja iliyorudi.

Jina la mwizi lilifutwa. Ufunguo alinyang'anywa, akapewa barua ya onyo, akabaki kazini. Kuanzia siku hiyo alilipima jiwe kila asubuhi kabla ya kusema "Leteni". Msimamizi ilibidi autafutie mlango wake tofali. Majibu ya damu yalirudi yakisema ni ngano, na Bwana Kilo akayapeleka mwenyewe kwa dada yake, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa.

"Dada."

"Sema."

"Ni maji."

"Sema tena, cherehani inapiga kelele."

Cherehani ilikuwa imezimwa. Akasema tena.

Aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, kilo sabini na mbili Jumatatu na sabini na mbili Ijumaa, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua kwa siku sita. Mungu amrehemu. Msibani mwenye duka la kona alisimama akaeleza kwamba marehemu hakumpunja mtu maishani mwake, na hilo aliweza kulishuhudia kuliko wote. Mchango wake ulikuwa makasha matatu ya mikate. Dada aliyazuia mlangoni, akasema waombolezaji wa nyumba hii watakula wali. Mungu amsamehe mtu yule, kwa kuwa Yeye anaweza.

Wiki mbili baada ya maziko, dada alikwenda ghalani kwa niaba ya mjane kuchukua koti la marehemu na kikombe chake. Mpimaji mpya alikuwa kijana aliyeletwa na msimamizi, anapima huku akiongea na simu. Koti lilikuwa kwenye msumari. Dada alilikunja, akaliweka mkononi, akageuka kuondoka, na hapo akaona mlango wa ofisi uko wazi, umezuiwa na jiwe.

Aliweka koti begani. Akainama, mwanamke mpana mwenye miaka sitini na minne, akaliinua kwa mikono miwili. Mlango ukajibamiza.

"Mama, unapeleka wapi hicho?" aliuliza mpimaji.

Alilitua juu ya sahani, akasubiri mshale utulie. Ulipita ishirini. Ukasimama ishirini na mbili.

"Wiki mbili tu," alisema, "na mmeshaanza kupunja watu."

Akavuta gunia, akalikalia, koti la mdogo wake mapajani.

"Mwiteni msimamizi. Na jiwe hili lisiguswe mpaka aje."