Karakana Walikojiona Watu Wazima

Shuleni walimwita Twiga, kwa sababu akikaa mbele, walio nyuma hawauoni ubao. Rafiki yake, aliyegawana naye dawati tangu darasa la kwanza, aliitwa Chiriku, na jina hilo halikuhitaji maelezo: hata mwalimu mkali alichoka kumnyamazisha kabla yeye hajachoka kusema.

Walikuwa kidato cha tatu lori lilipomgonga Chiriku likirudi nyuma karibu na lango la shule. Madaktari waliokoa maisha yake, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Aliporudi nyumbani akawa kama bubu. Kila alasiri Twiga alimpelekea kazi za darasani. Mwenzake aligeukia ukutani. Twiga hakuondoka. Alisoma kwa sauti hesabu za siku hiyo, kama mtu anayelifundisha godoro.

Hospitali ilipomwita Chiriku akapimwe mguu wa bandia, alikataa katakata. Mama yake akamfuata Twiga kwao.

"Mwanangu, nisindikize. Mimi akiniona ananuna tu. Wewe angalau hakufukuzi."

Karakana walikompeleka ilikuwa nyuma ya wodi: chumba kirefu chenye meza za mbao, harufu ya gundi, na miguu ya kila ukubwa rafuni, mingine imeshavishwa viatu. Twiga alishtuka, akajikaza. Fundi mkuu, mzee mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, alivuta kigoda akaketi mbele ya Chiriku.

"Sitaki mguu wa mtu," Chiriku alisema.

"Hata mimi sina wa mtu wa kukupa. Wako bado haujazaliwa."

Kabla Chiriku hajajibu, aliingia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akitembea upesi huku akilalamika. "Fundi, mguu wako huu unalia kama mlango mbovu! Siwezi hata kuonja mboga jikoni, nyumba nzima inajua nilipo." Akaketi, akauvua mguu kama mtu anayevua kiatu, akamkabidhi fundi.

Chiriku alimkodolea macho. Kisha akauliza, "Shangazi, mtoto unambebaje?"

"Mgongoni, kama wenzangu. Lini ulimwona mtu anabebea mtoto mguuni?"

"Na kukimbia?"

"Ngoja mvua inikute nguo ziko kwenye kamba, ndipo utanijua."

Chiriku akacheka. Kicheko kilitoka kwa kukwamakwama, kama injini iliyolala siku nyingi, lakini kilitoka. Mama yake alitazama dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Haya, wewe mrefu," fundi alimwambia Twiga, "mshikilie mwenzako goti nichukue kipimo." Akakizungushia kigutu cha mguu bandeji iliyolowa plasta, ile chokaa inayoganda. Twiga aliisikia ikipata joto chini ya vidole vyake, kisha ikaanza kukakamaa taratibu, ikishika umbo la rafiki yake. Fundi alipoichomoa, Twiga aliendelea kuitazama. Hakutaka hata kunawa mikono.

Njiani Chiriku alisimama, akaegemea magongo yake.

"Leo nimejiona. Nimekuwa mtu mzima, nina mtoto mgongoni, namgombeza fundi."

"Mimi pia nimejiona."

"Uko wapi?"

"Mimi ndiye huyo fundi unayemgombeza."

Chiriku alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, na hiyo ilikuwa safari ndefu. "Basi jiandae," alisema, "maana nitakugombeza kweli."

Haikuwa rahisi kwa yeyote kati yao. Mguu wa kwanza ulimchubua Chiriku. Akaanguka, akalia, akainuka. Baba yake Twiga hakutaka kusikia habari za karakana. "Nimesomesha mtoto aje kuchonga miguu?" aliuliza. Twiga hakubishana naye. Kila likizo alikwenda kufagia na kupiga msasa, mpaka siku moja baba alikuja mwenyewe, akamkuta mwanawe anamfunga mkanda wa mguu wa bandia mkulima mmoja aliyekuwa akijaribu kusimama. Mkulima aliposimama, baba alivua kofia. Tangu hapo hakuuliza tena.

Mtihani wa kuingia chuo cha mafundi wa viungo bandia Twiga aliufeli kwa sababu ya fizikia. Chiriku, aliyekuwa ameanza kusomea ualimu, ndiye aliyemfundisha upya kwa kelele za kutosha mtaa mzima. Mara ya pili akafaulu.

Leo Twiga ndiye mkuu wa karakana ile. Chiriku ni mwalimu wa hesabu, ana watoto wawili, na miguu yake yote tangu Twiga ahitimu imetoka mikononi mwa rafiki yake. Wa kwanza kati ya hiyo, Twiga alipoumaliza, alimkabidhi pale pale karakanani. Chiriku aliuvaa, akazunguka meza, akarudi.

"Kisigino kimezidi," alisema. "Hivi chuoni ulikuwa unasoma au unalala?"

Twiga alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliuchukua mguu, akakipunguza kisigino kidogo kwa tupa, na alipomvisha tena alibaki amepiga magoti pale sakafuni.

"Ahsante," alisema.

"Mguu umenipa wewe, halafu unanishukuru mimi?"

"Ndiyo. Simama nione."

Chiriku alisimama, akaushika mkoba wake wa madaftari, akaenda kazini.