Mume wangu anaandaa sherehe ya mahafali yangu, na mimi chuo nilishaacha

Admin, jina langu lifiche na picha usiweke kabisa, maana Waswahili wa Houston tunajuana mpaka magari.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, Mtanzania, naishi mtaa wa Alief na mume wangu na watoto wawili, wa kike ana miaka minne na wa kiume ndiyo kwanza anatembea. Siku za wiki namhudumia bibi mmoja mzee nyumbani kwake, mume wangu yuko ghala la mizigo. Mwaka jana alinibembeleza nisomee unesi. Akabadilisha zamu kazini ili Jumamosi abaki na watoto mimi niende darasani. Si mwanaume wa maneno mengi. Ijumaa ananipigia pasi sare ya chuo, asubuhi ananifungia chakula. Nywele za binti yetu anazifunga upande upande, lakini anazifunga.

Jamani, chuo niliacha siku nyingi. Sikufukuzwa. Masomo hayakuingia, na siku ya mazoezi wodini nilisinzia nimesimama, nimeshika mkono wa mgonjwa. Nikaaga. Jumamosi iliyofuata nikavaa sare nikatoka kama kawaida, kwa sababu sikujua nianzie wapi kumwambia. Nikaenda mtaa wa Sharpstown kwa rafiki yangu Mama Divine, Mrundi, anayesuka nywele sebuleni kwake. Nilitaka tu kukaa mahali nisiulizwe kitu.

Nikawakuta wateja wake wanatazama filamu ya Kihindi. Maneno ya chini ni ya Kiingereza, yanapita mbio, na wale akina mama wa Burundi na Kongo hawayawahi. Mmoja akaniuliza, "Mama, ule bwana anasema nini?" Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia kwa sauti ya huyo bwana. Mama mkwe wa kwenye filamu alipoingia na madhahabu yake nikasema, "Huyu mnamuona hivihivi, hapo keshahesabu vijiko vya jikoni!" Wakacheka mpaka kitana kikaanguka.

"Weye, njoo ukae hapa mbele," Mama Divine akasema. "Leo sikusuki, leo unatusimulia."

Kuna jambo sijawahi kumwambia mume wangu. Nilipokuwa mdogo Morogoro, mjomba alikuwa na kibanda cha video. Siku mtafsiri asipotokea ananipandisha mimi juu ya kreti la soda niwasimulie watu. Kihindi sijui hata kuomba maji, nilikuwa nabuni, na watu wanalia kweli. Nikajua nikikua kazi yangu ndiyo hiyo. Siku moja baba akaja akanishusha mbele za watu: "Msichana wa kupayuka ukumbini, nani atamuoa?" Nikanyamaza. Nikakua, nikaolewa, nikawa Mama Nuru.

Sasa kila Jumamosi niko Sharpstown na sare yangu. Wanakuja mpaka wa kutoka Missouri City, nje ya Houston, wananiita nesi wa sinema. Nikiwa pale sichoki. Nikiwasha gari kurudi ndipo moyo unanianguka. Mume wangu ananiuliza, "Leo mmefundishwa nini?" Siku moja nikamjibu kupima mapigo. Akanyoosha mkono, "Haya nipime." Nikampima, jamani. Nikamshika mkono ule, nikamwambia yuko sawa.

Jumamosi iliyopita filamu ilikuwa ya mwanamke aliyependa kuimba tangu utotoni, akaacha alipoolewa, kisha akawa anaimba kwa siri. Mumewe anamfuma. Anamtazama, na pale chini nikasoma: "Wageni wanakujua wewe ni nani, mimi mumeo sijui. Kwa nini?"

"Amesema nini?" wakauliza. Nikasema, "Amesema, mke wangu, nimekusamehe." Vigelegele! Kumbe filamu haijaisha, mara yule mume anafunga begi. Mama Divine akanigeukia: "Si amemsamehe? Mbona anaenda?" Nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka.

Sasa mume wangu ametangaza kanisani kuwa mwezi ujao namaliza. Kaka yake anakuja na familia nzima kutoka Fort Worth. Mama mkwe, huko nyumbani, ameshashona gauni la kupigia picha siku hiyo. Ukoo mzima unajivunia mtu ambaye si mimi.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Na msiniambie nirudi chuo. Hilo nimekata shauri, mgonjwa anastahili mtu aliye macho. Kusimulia nako siachi, hata mkinisema. Ila mume wangu nampenda, na nimemdanganya huku akiniogeshea watoto. Nikisema sasa, ataaibika mbele ya ndugu zake kwa ajili yangu. Nikinyamaza, nitasimama katikati ya watu nipigiwe makofi, na yeye atakuwa anapiga kuliko wote.

Leo mchana amenipigia akiwa dukani, anaagiza keki. Sauti yake ina furaha sijawahi kuisikia. "Mama Nuru, waandike 'Nesi wetu' au waandike jina lako?"

Nikamwambia asiagize kwanza, tutaongea akirudi. Akacheka, akasema anajua nataka kuchagua rangi.

Yuko njiani. Wapendwa, akifungua mlango nianze na neno gani?